Kaisa, Maombi ya Mapema na Mdomo Wangu

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize wote wanaoishi kando ya Ziwa Superior, mimi ndiye niliyevua samaki mkubwa hadi maji ya ziwa yakashuka shubiri mbili, lakini leo nimekwama, niokoe. Nimemlea Kaisa, binti wa marehemu kaka yangu, tangu ana miaka sita, na sasa anamaliza sekondari, na kila jioni anakaa dirishani theluji ya kwanza ikishuka taratibu, ziwa na mbingu vimekuwa kitu kimoja cheupe, naye anatazama huko kama anayesoma maandishi, nami namtazama yeye mpaka kahawa yangu inapoa.

Vyuo ni viwili. Cha hapa jirani kinapokea maombi kadiri yanavyoingia, ukituma unajibiwa baada ya wiki tatu, hadi nafasi ziishe. Cha pili kiko mbali, mashariki, kinataka maombi ya mapema kabla ya tarehe mosi Novemba. Kaisa akaniuliza, "Baba mdogo, nitume wapi?" Mimi, niliyeacha shule darasa la tisa kwa kuwa walimu waliishiwa cha kunifundisha, nikamjibu mkahawa mzima ukisikia, "Mwanangu, maombi ya mapema ni ndoa ya kanisani, wakikukubali huchomoki!" Wazee wakatikisa vichwa: "Reino anajua." Kaisa akafunga kompyuta. Hajatuma mashariki kwa hofu, wala hapa, maana anasema, "Nikituma hapa nitakuwa nimeshakubali kubaki."

Juzi Delphine, anayetumiminia kahawa pale mkahawani, akanicheka: "Reino, muongo we! Mwanangu alituma mapema, wakamkubali, akaenda kwingine, na hakuna aliyemkamata!" Nilicheka kuliko wote. Nikafika nyumbani, nikamkuta binti dirishani, nyumba imetulia kama iko chini ya maji, nikawaza dirisha lile bila yeye. Sikumwambia alichosema Delphine. Zimebaki siku kumi. Nikisema ukweli ataondoka, nisiposema je?

Reino Lahtela

Ndugu Reino,

Pole, lakini nawe umezidi. Barua yako imenifikia zikiwa zimebaki siku nne, kwa hiyo nisikilize.

Delphine amesema kweli. Maombi ya mapema hayamfungi mtu. Yanayofunga ni yale ya ahadi, ambayo hata mzazi hutia saini, na hayo hakuna aliyewaombeni. Kaisa asome masharti ya kila chuo, kisha atume kote kuwili: leo cha jirani, maana kila siku anayokaa dirishani kuna mwenziwe anayechukua nafasi, kesho cha mashariki. Wakimkubali wote, ana hadi mwanzo wa Mei kuchagua.

Sasa wewe. Unaijua hii habari tangu juzi ile, ukaila kimya. Nyumba tupu inatisha, naijua, nimelea watatu na nikasindikiza watatu. Lakini huzuni hiyo ni mzigo wako. Usimtwishe mtoto ukauita ushauri. Huenda akaenda. Huenda akabaki, na akibaki kwa uongo wako, siku atakayoujua atakuwa ameondoka hata akiwa amekaa mezani pako.

Wa mkahawani watakucheka wiki moja. Vumilia.

Weka gazeti hili chini. Kaisa yupo chumba cha pili. Mwambie maneno mawili tu, "Nilikosea, mwanangu," kisha ufunge huo mdomo umwache aandike.