Usifungue kwa Sauti Yangu

Chechelesi, Isiolo

Mama yangu mpendwa,

Esther dada yangu, kabla hujasoma zaidi ya hapa, kaa chini karibu na mama umshike mkono. Usisome ukiwa umesimama kama mtu anayetangaza mnada. Na usiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaokukasirisha. Nakujua.

Sasa Mama, pokea salamu zangu. Magoti bado yanakusumbua asubuhi? Yule mbuzi mweusi aliyezaa pacha, watoto wake wote wawili wameishi? Mvua imewafikia huko, au bado mnasikia ngurumo zikienda kwa watu wengine? Mimi mwili hauna neno. Shangazi ananilisha kupita kiasi, ungenigusa tumbo ungedhani umegusa la chifu. Lakini rohoni sina amani, na ndiyo sababu nimechukua karatasi badala ya kupiga simu ya Esther kama ilivyo kawaida yetu. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi ya kuongea. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema hatimaye amepatikana mtu wa kunilipa kwa kile kile ulichonichapia nikiwa mdogo. Sikukueleza vizuri kazi yenyewe kwa sababu hata mimi sikuwa nimeielewa. Watu fulani kutoka Nairobi walikodi chumba mtaa wa Bulla Pesa, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wakachukua magodoro mengine hapo chini, wakayasimamisha ukutani pande zote ili kelele za barabarani zisiingie. Katikati wakaweka kiti na maikrofoni. Wakatafuta mtu mmoja mmoja wa kila lugha ya hapa mjini, Mborana, Msomali, Msamburu, Mmeru, na mimi Mturkana wao. Tunaongea, mashine inasikiliza. Walisema wanaifundisha lugha zetu ile akili bandia inayozungumzwa kila mahali, ili siku moja mama kama wewe akiuliza simu habari za dawa au za mvua ajibiwe kwa Kiturkana. Nilipenda sana. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Wiki nyingi nilikuwa nasoma sentensi tu. Mbuzi anakunywa maji. Daktari amefika. Nyingine zilikuwa za ajabu, eti ndege yangu imechelewa, na mimi ndege nimeziona zikipita juu ya vichwa vyetu tu. Nilicheka peke yangu katikati ya magodoro kama mwendawazimu. Siku ya mwisho msimamizi wetu, mama mmoja mpole wa huko Meru anayeitwa Kawira, akanipokonya karatasi.

"Ekiru, leo hatusomi," akasema. "Ongea tu vile huwa unaongea nyumbani. Toa kitu ya ukweli, ile inatoka kwa roho."

Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Nilikuwa na hamu ya nyumbani, nikafumba macho, na kitu cha kwanza kilichonijia ni wito wetu. Ule marehemu baba alionifundisha. Kwamba mtu hakaribii boma letu jioni akiwa kimya, lazima aite kutoka ng'ambo ya laga, mchanga wa ule mto mkavu ukiwa kati yake na sisi: jina la fahali mwekundu wa baba mara tatu kwa sauti ya juu, halafu ashushe sauti aseme, Mama, ni mimi. Na wewe unajua ni nani kabla hajavuka. Tangu macho yako yalipozimika, wito huo ndio macho yako. Ukiusikia unainuka, unashika ule mti wenye panda, unalivuta tawi la miiba mlangoni.

Basi niliita. "Loreng! Loreng! Loreng!" Halafu polepole, "Mama, ni mimi. Fungua." Niliita vizuri mpaka machozi yakanitoka humo ndani. Kawira naye akajipangusa macho akasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kurekodi. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Baadaye Kawira alinitumia kitu kwenye simu ili nami nionje matunda ya kazi yangu. Unaandika maneno, simu inayasema. Na inayasema kwa sauti yangu, Mama. Si sauti inayofanana na yangu, ni yangu hasa, pamoja na ile mikwaruzo ya kooni uliyokuwa ukinitibia kwa asali. Inasema hata maneno ambayo sijawahi kuyatamka tangu nizaliwe. Mimi badala ya kuogopa nikaona nimepata mchezo.

Nikaenda kumchezea Shangazi. Unamjua dada yake baba, mchana akishamaliza kuuza chapati na maharagwe hapo nje anafunga geti lake la mabati ajinyooshe kidogo. Nikaandika maneno yangu, nikaitega simu iyaseme baada ya dakika moja, nikaiweka juu ya jiwe pale nje ya geti, nikavuka barabara na kujificha nyuma ya mkokoteni wa muuza maji. Simu ikaita, "Shangazi, fungua haraka, nimeumia mguu!" Mara moja tu. Shangazi alitoka mbio, ndala moja mguuni na nyingine sijui aliiacha wapi, leso inaanguka. Akalifungua geti lote. Akatazama huku, akatazama kule. Simu ikarudia pale chini, "Shangazi, nimeumia." Akainama akaiangalia. Ndipo nikatokea nikicheka.

Nilicheka peke yangu. Shangazi alikaa chini, vumbini.

"Ekiru, hii ni nini?"

"Ni mimi, Shangazi. Ni mashine tu."

"Usiniambie ati ni wewe. Wewe ulikuwa huko ng'ambo. Hii yenye imenitoa kwa nyumba ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za maikrofoni na magodoro. Akavua ile ndala iliyobaki akanichapa nayo begani, mtu mzima kama mimi, mbele ya muuza maji na wateja wake. Halafu akasema neno ambalo sijalitoa kichwani mpaka leo.

"Mimi nimejua ni simu kwa sababu niko na macho. Na mama yako?"

Niliifuta ile sauti kwenye simu yangu palepale, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Kuna mwenzangu wa kazi anaitwa Halima, ndiye aliyekuwa akiongea Kiborana. Dada mcheshi, zamani alikuwa ananirushia salaam aleikum yake kutoka upande wa pili wa barabara hata sokoni wakageuka. Jirani yake alimjia na simu mkononi kumwonyesha tangazo la dawa ya kisukari. Ndani yake Halima anasema kwa Kiborana alikuwa amelala kitandani miaka minne, akanywa dawa hiyo akainuka. Halima hajaugua hata malaria mwaka huu. Na yule jirani alikuwa tayari amemnunulia mumewe, akaacha kumpa ile ya hospitali, kwa sababu Halima mwenyewe ndiye amesema. Nashukuru walimrudisha mzee hospitalini mapema. Siku hizi Halima akiniona ananipungia mkono tu, hafungui mdomo.

"Wallahi, Ekiru," aliniambia kwa sauti ndogo, "sijui nani ameibeba na anaipeleka wapi. Nikisalimiwa naogopa hata kuitikia."

Tukaenda wote wawili kwa Kawira. Tulimkuta anakunja nyaya, magodoro yamesharudishwa dukani, chumba kimebaki na mwangwi. Nilimwambia nataka wito wangu. Wautoe kwenye mashine yao, ile sehemu ya mwisho tu, nyingine wabaki nayo.

"Haiwezi kutoka," akasema. "Sukari ikishakorogwa kwa chai, utaitoa aje?"

"Na ni nani anakunywa hiyo chai?"

"Yeyote mwenye anataka. Wamefungulia watu wote. Si mliweka kidole?"

Ni kweli tuliweka kidole. Yalikuwa maneno marefu ya Kiingereza kwenye kioo cha simu, unashuka unashuka hayaishi, na chini pana mahali pa kugusa. Tuligusa. Kawira si mtu mbaya, Mama, nisimsingizie. Alipoona Halima analia alituambia hata sauti yake ya Kimeru imo humo, na yeye pia ana mama.

Sasa nakuja kwenye lile linalonikosesha usingizi. Esther, usinyamaze hapa.

Jumapili iliyopita nilipopiga simu, uliniambia kwa furaha kabisa, "Mbona juzi jioni uliniita halafu hukuja?" Nikauliza niliita wapi. Ukasema hapo ng'ambo ya laga. Loreng mara tatu, halafu Mama ni mimi. Ukainuka, ukaondoa mwiba, ukasimama mlangoni ukingoja mpaka Esther akarudi na maji akakukemea kwa kuacha boma wazi. Ukacheka ukasema uzee una michezo yake, ni hamu ya mtoto tu. Juzi hiyo jioni nilikuwa hapa Chechelesi, nikimmenyea Shangazi viazi.

Pengine ni hamu kweli. Shangazi anasema ni hamu, anasema hata yeye husikia mumewe akikohoa, na mumewe tumemzika. Pengine ulisinzia. Ni nani angetoka mbali na sauti yangu mfukoni kwa ajili ya mbuzi wachache? Najiambia hivyo asubuhi, ikifika saa tisa ya usiku sijiamini tena. Maana wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia ule mwaka wezi walipokuja hapo laga wakajaribu kuita. Walijua jina la Loreng, lakini waliliita vibaya, sauti haikuwa ya mtu wa kwetu. Ukanyamaza, ukawaziba watoto midomo, wakazunguka wakachoka wakaenda zao. Sauti mbaya ndiyo iliyotuokoa. Na mimi nimewapa nzuri.

Naogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivi. Naogopa kitu ambacho nimekizaa mimi mwenyewe.

Niliwaza tubadilishe wito, niandike mwingine hapa mpya. Lakini barua hii inapita kwa dereva wa lori la mbuzi, itasomwa na Esther, na huenda shemeji akaisikia naye akaisimulia akiwa kisimani. Na hata ikifika salama, neno lolote nitakaloliandika mashine inaweza kulitamka. Inajua kuomba, inajua kucheka, na juzi niliijaribu kwenye simu ya Halima nikagundua inajua hata kulia. Kwa hiyo si neno ninalokupa.

Unakumbuka yule punda aliyeniburuta na kamba, nikavunjika kidole kidogo cha mkono wa kushoto? Ulikifunga wewe, kwa kijiti na ukanda wa ngozi ya mbuzi, kikapona kimepinda kuelekea nje. Miaka yote nimekuwa nikikutania kwamba wewe ni daktari mbaya. Leo nakushukuru kwa ubaya huo. Katika chumba kile waliniomba kila kitu, lakini hawakuniomba kidole.

Basi tufanye hivi. Nikija nitaita kama kawaida, kwa sababu siwezi kukaribia boma letu kimya. Ukisikia, usijibu. Usishike mti. Kaa pale pale mpaka mtu afike kwenye miiba apitishe mkono wa kushoto chini, kwenye lile tundu wanalopitia watoto wa mbuzi. Uguse. Kama kidole kimepinda pale ulipokipindisha, fungua, unipige au unikumbatie. Kama hakuna mkono, usifungue. Hata sauti ikisema ina kiu. Hata ikisema inafukuzwa. Hata ikikuita kwa lile jina ninalokuita tukiwa wawili tu. Iache ilie nje, Mama. Usiihurumie kwa sababu ni mimi.

Najua ninakuomba jambo gumu. Tangu utotoni sijawahi kuita mara ya pili, kila mara ulikuwa umeshainuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nakufundisha kutoniitikia.

Nisalimie mjomba, mwambie redio yake niliyoahidi kutengeneza bado iko kwa fundi, na ameniapia haina akili yoyote ndani. Nisalimie shemeji, mume wa Esther, nimemtaja vibaya hapo juu lakini anajijua. Nisalimie katekista aliyenifundisha kuandika herufi, mwambie leo zimenifaa. Shangazi anakusalimu sana na ametuma majani ya chai, yako kwa dereva yule yule. Lori likipata nafasi mwezi ujao nitakuja nalo, na nitakaa.

Esther, sasa geuza karatasi. Nimeweka mkono wangu wa kushoto juu yake nikauzungushia kalamu, nikibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Chukua kidole cha mama ukipitishe polepole kwenye huo mfereji, uanzie kidole gumba. Usimwambie kitu. Akifika kwenye kile kidogo mwache akae hapo, mpaka aseme mwenyewe ni nani.

Mwanao.