Baba, Ulisikia Kila Kitu Isipokuwa Sisi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sikulelewa kuanza mazungumzo na mkubwa bila salamu, na sitaanza leo kwa sababu tu nimekasirika.

Kuna swali ambalo nimelizungusha kichwani kwa miaka mingi, nikidhani kila mara kuwa nimekaribia kulijibu: inawezekanaje mtu akasikia kila kitu kinachomzunguka, na asimsikie aliyeketi naye mezani? Ulipofariki nililiweka kando kwa heshima. Mwezi huu limerudi kwa sababu ya Mama, nami nimechoka kulibeba peke yangu. Naliandika hadharani kwa kuwa nashuku kwamba nyumba yetu haikuwa ya pekee.

Utakumbuka desturi yako. Nyumba yetu ya Mkuyuni, iliyobanwa kati ya majabali huko juu mlimani, hupokea kila sauti inayotoka bondeni, na majabali huirudisha mara ya pili kana kwamba hatukuielewa. Kila jioni, kabla ya sala na kabla ya chakula, ulitutaka tunyamaze, kisha kila mtoto ataje sauti moja anayoisikia. Iliyokwisha kutajwa haikurudiwa. Kaka Magesa, kifungua mimba wako, alijitwalia treni. Waliomfuata wakagawana mashine ya kusaga na kwaya ya kanisani. Zamu ilipofika kwangu mimi wa mwisho, nilikuwa nimebakiwa na makombo: jirani anayesukutua, dagaa wanaomiminwa kutoka kwenye gunia, bati moja lililolegea msumari.

“Baba, ugali unapoa,” Magesa alithubutu kusema siku moja.

“Ugali hauna miguu. Sikiliza.”

“Nasikia tumbo langu.”

“Hilo ulilitaja jana. Tafuta jingine.”

Tulicheka, na wewe ulicheka zaidi yetu. Sitaki kukudhulumu: kuna kitu ulinipa. Hata leo nikishuka stendi ya Buzuruga, kabla sijaona chochote nimeshamjua muuza kahawa kwa vikombe anavyogonganisha, na mpiga rangi viatu kwa brashi anayoigonga kwenye kisanduku chake. Najua tofauti ya ziwa linalopiga jiwe na ziwa linalopiga ubavu wa mtumbwi. Wenzangu chuoni walidhani najigamba. Sikuwa najigamba, nilikuwa nimezoezwa kwa njaa.

Lakini siku niliyopanda mlima mbio kukuambia kwamba nimechaguliwa kwenda chuo kikuu, uliinua kidole kabla sijamaliza neno la kwanza. “Subiri kidogo. Hebu msikilize yule ndege.” Nikasubiri. Ndege akaimba, ukatabasamu, ukaingia ndani. Habari yangu nikaipeleka jikoni kwa Mama, aliyepiga kigelegele peke yake. Nadhani hicho nacho ulikisikia. Sikumbuki kama uliuliza kilikuwa cha nini.

Na kuna ile jioni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisahau. Mama, ambaye hukuwahi kumpa zamu kwa kuwa muda huo alikuwa akipakua, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

“Na mimi leo nimesikia kitu.”

“Haya, Mama Magesa, sema,” ulimjibu kwa furaha.

“Nimemsikia mume wangu amenyamaza tangu asubuhi.”

Sisi watoto tuliangua kicheko. Wewe ulifikiri kidogo, kwa haki kabisa, kama mwalimu anayesahihisha mtihani, ukasema, “Hiyo si sauti.” Kisha ukaanza sala. Baba, nimejaribu kulitafsiri jibu hilo kwa wema kila mwaka wa maisha yangu, na kila mwaka linanishinda.

Sasa sikia yaliyotokea. Macho ya Mama yameingia ukungu, na zile ngazi za mawe kati ya barabara na nyumba huteleza vibaya mvua zikianza. Magesa amejenga Buhongwa, kwenye kiwanja tambarare, akatenga chumba chenye dirisha kubwa. Alimwambia Mama kwamba atamhamisha kabla ya masika. Mama alisema, “Sawa, mwanangu.” Wiki zikapita na hakufungasha hata kanga moja. Magesa akaniomba niende nikakae naye, nijue shida iko wapi.

Na mimi, msomi wako, nilifanyaje? Nilikaa kwenye kiti chako nikasikiliza.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii ya kusikitisha. Nilisikia kipaza sauti cha duka la simu kikirudia tangazo lilelile hadi mbwa wakazoea. Nilisikia fundi wa kuchomelea akigombana na mteja: “Geti lako ulisema jepesi, sasa jepesi limekuwa kosa langu?” Kisha, kila asubuhi, nilisikia jambo ambalo nilidhani ndilo ufunguo. Mama Kulwa, jirani wa nyumba ya chini, alipaza sauti kutoka uani kwake: “Mama Magesa! Umeamka mzima?” Na Mama, bila kufungua mdomo, alichukua mfuniko wa sufuria akaugonga ukutani. Mama Kulwa alinieleza kwamba asiposikia huo mfuniko, anapanda mwenyewe kuja kutazama.

Nilijiona nimeufumbua ulimwengu. Nikampigia simu Magesa nikamweleza kwa sentensi ndefu zenye hoja: kwamba Mama hawezi kuhama kwa kuwa uhai wake umefungwa kwenye mwito wa jirani na jibu lake, kwamba kiwanja tambarare hakitamjibu kitu. Nilikuwa nimefika kwenye hitimisho Mama alipotokea chumbani akipapasa ukuta.

“Nani kakuambia nataka kubaki?”

“Mama, nimesikia unavyoitikiana na Mama Kulwa.”

“Yule ananiamsha alfajiri yote kama jogoo! Nagonga ili anyamaze. Nisipogonga anapanda, na akipanda haondoki bila chai.” Akakaa. “Umekuja hapa wiki nzima unanitegea masikio kama baba yako. Mdomo umeuacha chuoni?”

Simu bado ilikuwa wazi. Upande wa pili nilimsikia Magesa akijizuia kucheka.

“Haya, Mama. Unataka nini?”

Alijibu mara moja, bila kutafakari, kwa namna inayonifanya niamini kwamba jibu lilikuwa tayari siku zote. “Mvua zikianza nikae Buhongwa, maana hizi ngazi naziogopa. Zikiisha nirudi kwangu. Ni jambo gumu hilo?”

“Mbona hukumwambia Kaka?”

“Magesa hakuniuliza. Alinitaarifu, kisha akaleta watu wa kupima kitanda kama kitapita mlangoni.”

“Mama mwenyewe kasema hivyo?” Magesa aliuliza kwenye simu, kama vile hakusikia.

“Mwenyewe.”

“Basi na kitanda?”

“Kitanda kinabaki. Nunua kingine,” Mama akasema kwa sauti iliyofika Buhongwa bila msaada wa simu.

Shauri likaisha hapo. Atakwenda, na atarudi. Unaona jinsi lilivyokuwa fupi? Hilo ndilo linalonikera, Baba, kuliko hata ukimya wako: kwamba watoto wako wote tulikua na masikio makali namna hii, na kauli moja nyepesi ya kuulizana haikumjia yeyote.

Jioni ile nilimkuta Mama akichambua maharage kwa ncha za vidole. Nikaona nianze palepale kutumia mdomo. “Baba alikuwa akisikiliza nini muda wote ule?”

“Sijui.”

“Miaka yote hiyo, hukuwahi kumwuliza?”

“Alikuwa anasikiliza,” alisema. “Ningemkatizaje?”

Nimekuandikia nikiwa na majibu mawili, na siliamini lolote kati yake. La kwanza ni kwamba ulizikimbilia sauti kwa kuwa hazikudai kitu kwako, nasi tulidai. La pili ni kwamba kututaka tunyamaze pamoja nawe ndiyo njia pekee uliyoijua ya kutukaribisha ulipokuwa. La kwanza linaifaa hasira yangu mno, la pili linaifaa huzuni yangu mno, na ndiyo sababu nayashuku yote mawili. Ushahidi ulikuwa kwako, na sisi tulioweza kuutafuta tulikuwa tumefundishwa vizuri kupita kiasi kungoja hadi umalize.

Pumzika huko Majita tulikokuzika, Baba, kando ya maji. Bado nimekukasirikia, na nimekukumbuka.

Ni mimi, binti yako wa mwisho.