Wiski ya Mzee Tsuma

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mzee Tsuma amenialika kwake Malindi Jumamosi. Kuonja wiski za Uskoti! Huyu ndiye baba wa msichana ambaye mwanangu Tuneya anataka kumwoa, na hadi leo hajasema ndiyo wala la. Mimi mkulima wa ndizi wa Hewani, ninachojua ni pombe ya mnazi. Mama Tuneya kacheka mpaka kashika mlango.

Jumatano, 13 Agosti

Tuneya kapiga simu. Ni weita hotelini hukohuko Malindi, mambo haya anayajua. Nisijipake manukato. Nile nishibe kwanza — pilipili hapana. Pua nisiitumbukize kwenye glasi, itawaka moto. Ninuse kwa mbali, mdomo wazi kidogo. Tone la maji ruhusa, barafu la. Nionje kidogo, nizungushe mdomoni, kisha niteme. Eti kuna ndoo!

"Baba, glasi ni saba. Ukimeza zote, mimi nimekwisha."

Ijumaa, 15 Agosti

Garsen, nangoja basi. Nimefanya mazoezi kwa Fartun, mwenye hoteli ya chai hapa stendi. Chai ya rangi, mdomo wazi, nanusa. Akauliza kama inanuka mafuta ya taa. Nikamwambia hapana, ni tamu sana — nikazungusha, nikatema kwenye beseni. Lo! Kaninyang'anya kikombe. Wachuuzi wa ng'ombe wote wakageuka. Aibu niliyoona! Lakini kunusa naweza sasa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika chooni kwa Mzee Tsuma. Nimeomba udhuru.

Tulianza vizuri. Marafiki zake watatu, alifanya nao kazi melini zamani, wanatema bila haya. Mimi nikanusa, nikasema hii ina moshi kama samaki wa kubanika. Mzee akafurahi kweli. Glasi yangu akaimiminia mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Sasa niteme? Kitu cha mtu ninayemwomba binti, mbele ya macho yake? Nikameza.

Akanitazama. Akaisukuma ndoo kando, naye akameza.

Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu pia! Hakuna anayetaka kutangulia kutema. Wenzake wanatutazama tu. Miguu si yangu tena, na kuku wake nimewasifu mara mbili.

Nilipotoka, mkewe akanifuata koridoni. Akasema polepole, "Baba Tuneya, daktari amemkataza kumeza hata tone. Lakini hatatema kabla ya mgeni wake. Nakuomba."

Kwa hiyo ni mimi wa kutangulia. Nikitema, nimemdharau mezani kwake na Tuneya akose mke. Nikimeza, namuua mzee wa watu. Nimefungua bomba, najaribu kutema kwa adabu — haiwezekani!

Anagonga mlango. Sauti imechangamka mno.

"Mkwe, toka basi! Nimeifungua ile niliyoiweka kwa harusi ya binti yangu."

Mkwe! Kaniita mkwe. Na hiyo ndiyo ya kutema.