Mama wa Chuma

Mama yangu mpenzi,

Arubaini yako imesomwa leo. Wageni wameondoka, nami nimebaki ukumbini na masufuria ya watu ya kurudisha.

Unaikumbuka ile sinema ya michoro tuliyoiona siku ya wanawake peke yao? Ulinung'unika njia nzima kutoka Kiponda kwamba picha za kuchorwa ni za watoto. Kumbe tulipoingia, wewe ndiye uliyesema kuliko wote. Mtu wa chuma kaokota mwanapunda msituni, hajui hata kumshika, na wanyama wanamfundisha: huyu namna ya kumlaza, yule namna ya kumlisha. Ukasema kwa sauti, "Chuma hicho, kitajua wapi kulea?"

Jirani yetu Bi Sakina akakujibu kutoka safu ya nyuma, "Kama ulivyojua wewe."

Wanawake wote wakacheka, nawe ukacheka huku ukijifuta macho kwa ukaya wa buibui.

Kweli hukujua. Mama aliyenizaa alifariki kwenye uzazi, nawe ulikuwa jirani tu, mjane usiyewahi kupata mtoto, ukanichukua. Bi Sakina alininyonyesha pamoja na mwanawe. Bi Kulsum, Mhindi wa duka la mkabala, alikufundisha kunikanda kwa mafuta. Mtaa mzima ulikuwa mwalimu wako, na kila mwalimu alikugombeza, maana ulinishika kama sahani ya kuazima.

Mwisho wa sinema mwanapunda alilifuata kundi lake, mtu wa chuma akabaki kasimama. Tulipokuwa tukirudi ndipo uliponiuliza, "Nawe watu wako wakija, utakwenda?"

Nikasema, "Siendi." Ukanishika mkono mpaka ukaniuma.

Basi watu wangu hawakuja. Walikuja wako. Siku ya msiba jamaa zako walifika kutoka Makunduchi, wakanikuta na ndoo ya maji mlangoni mwa chumba ulimolazwa. Binamu yako akanizuia. "Watamkosha wenye damu yake. Huyu kalelewa tu."

Mama, niliitua ndoo chini. Uchungu wa kukukosa nilikuwa nimeshaungoja tangu ulipoanza kuugua. Huo mwingine sikuungoja.

Bi Sakina akainuka mkekani na magoti yake mabovu. "Maziwa nlimpa mie," akasema, "lakini akiumwa, alokuwa akikesha naye nani? Mpisheni mtoto amkoshe mamake."

Bi Kulsum naye akasimama, wakasimama wanawake wa mtaa mmoja baada ya mwingine, hata binamu yako akasogea. Nikaingia, nikakukosha mikono. Ilikuwa imekonda sana, Mama.

Sasa kila baada ya sala nakusomea dua ya wazazi, ile tunayomwomba Mungu awarehemu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Nimeisoma tangu utotoni, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, bila kuitia maanani. Leo alfajiri ndipo nilipotambua kuwa ndani yake hakuna kuzaa, mna kulea tu. Nikainuka kwenye msala kwa furaha, nikakimbilia jikoni kukwambia. Nilifika mpaka mlangoni.

Nakuaga kwa leo tu, Mama. Kesho alfajiri nitakuombea tena.

Mwanao.