Gari Lisionekane Limeegeshwa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika pamoja na barua. Sisi tu wazima, na pacha wako Doto amehamia Kalangalala na mumewe.

Unauliza kwa nini magari unayopiga picha mashindanoni yanaonekana yamekufa. Yangu yalikuwa hivyohivyo nilipoanza kazi ya studio ya picha Shinyanga. Mwenye studio alinituma Songwa, kwenye mashindano ya magari katika barabara ya vumbi. Studioni tulizoea kumwambia kila mtu atulie, nami nikatulia hivyohivyo nikabonyeza. Dereva aliyeshinda aliitazama picha akacheka.

"Masanja, gari langu ulilikuta limeegeshwa?"

Mwenye studio hakucheka. "Ukirudia, utabaki kuosha makarai ya dawa ya kusafishia picha."

Nilijikaza. Kila jioni nilisimama barabarani na kamera isiyo na filamu, nikiwafuata wapanda baiskeli kwa kugeuza kiuno, nikibonyeza bila kusimama. Mashindano yaliyofuata nikalifuata gari vilevile, kamera ikiwa kwenye kasi ndogo, jicho lake likichelewa kufunga. Gari lilitoka wazi, na watu nyuma yake wakawa michirizi.

Dereva yuleyule aliishika picha kwa mikono miwili.

"Hapa ndipo nilipotaka kukanyaga breki," akasema, "nikaacha."

Basi geuka pamoja na gari, Kulwa, na ukishabonyeza endelea kugeuka.

Babu yako,
Masanja