Majina Matatu kwenye Bango

Wandegeya, Kampala

Baba mpendwa,

Natumaini mgongo umekuachia ukarudi karakana, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na nisipokuandikia nitapasuka.

Mwaka huu wa tatu wa usanifu majengo tunajenga kibanda cha mianzi, wanafunzi wanne kwa kikundi. Tumepewa miwani ya kompyuta: ukiivaa unaona mchoro umesimama mbele yako kwa ukubwa wake halisi, nawe unaweka mwanzi palepale mstari ulipo. Mwalimu alisema tupokezane. Kiongozi wetu Ocen, mtoto wa mwanajeshi, aliivaa siku ya kwanza na hajaiachia hadi leo. Mimi, kwa kuwa nilijisifu kwamba baba yangu ni seremala, nikapewa kushika na kufunga. Wiki tatu, Baba! Vidole vimechubuka kwa kukaza mipira ya tairi tunayofungia mianzi.

Nguzo ya tatu ikaanza kulala. Nikashusha timazi, uzi wenye uzito ukaning'inia wima mbali na nguzo, nikamwonyesha.

"Wacha hiyo kitu ya wazee, nyabo," akacheka, akiniita bibie kama wasemavyo huku. "Miwani iko sawa. Wewe shika tu."

Sawa wapi! Sakafuni kuna karatasi ya alama, ambayo miwani huitazama ili ijue mchoro ukae wapi. Yeye mwenyewe aliibandua tukifagia, akairudisha kwa kukisia. Mguu wa nguzo ulikuwa umeshafungwa, kichwa kikafuata mchoro uliosogea. Nikafungua viungo vyote vya upande ule, nikavifunga upya peke yangu.

Jana likabandikwa bango la maonyesho. Wabunifu: majina matatu. Langu liko chini kabisa, kwa herufi ndogo, pamoja na muuza mianzi: "Tunashukuru kwa msaada." Na paa la kibanda nililichora mimi, kabla hatujaanza kujenga! Alama hupewa wabunifu. Nilipomwendea mwalimu, akaniambia nisivuruge umoja wa kikundi.

Basi nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika jina langu kwenye kila kiungo nilichofunga. Kibanda kizima kimejaa Nekesa. Ocen anafoka kwamba nimeharibu kazi. Mwalimu anataka nifute kabla wageni hawajaingia Jumatatu, la sivyo nipate sifuri.

Nisalimie Mama, shangazi muuza maziwa, na kaka anayekupigia randa. Na watu wakikuambia binti yako amekuwa mkaidi huku Kampala, usiwaombe radhi kwa niaba yangu.

Sifuti, Baba.

Mwanao,
Nekesa