Majani ya Mikorosho ya Babu Yako

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Njombe, ambako baridi haijui msimu. Mimi mzima, kikohozi tu cha hapa na pale. Wewe hujambo? Mama mkwe miguu inamwendaje? Na huko Makote mvua imenyesha, au ni yale mawingu ya kupita na kututania?

Majani uliyompa dereva wa lori yalifika salama. Swali lako nililielewa: mikorosho ya babu yako itapona, au haitapona? Maana tulikubaliana, ikianza kuzaa vizuri tena narudi tukae pamoja. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia itapona. Nakuandikia barua kwa kuwa kwenye simu ningedanganya.

Nilipofungua bahasha, majani yote meupe kwa salfa! Nikacheka peke yangu, nikasema huyu mwanamke hata barua anaipulizia dawa. Nikayafuta kwa shuka. Chini ya ule unga, Mama Zuhura, hakuna ubwiri wowote, ule ukungu mweupe tunaoupulizia salfa. Kuna jani dogo, gumu kama ngozi ya kiatu, manjano katikati ya mishipa, kingo zimeungua. Zamani jani la mikorosho ile lilikuwa linafunika kiganja changu chote.

Nikampelekea msimamizi wetu hapa shamba la parachichi, dada aliyesomea miti. Akayageuza geuza, akauliza, "Miti ina umri gani?" Nikamwambia ilipandwa kabla watu hawajahamishiwa vijijini. "Na juu kukoje?" Nikasema matawi ya juu makavu, majani yamebaki pembeni tu. Akashusha pumzi. Akaniambia mti mzee ukikosa maji hupunguza majani, na yanayotoka huwa madogo ili usikauke. Lakini majani machache madogo hayawezi kulisha mti mkubwa, basi unakufa kidogo kidogo.

"Salfa inatibu ugonjwa," akasema. "Huu ni uzee, kaka. Uzee na jua."

Nikamuuliza, je, tukiikata na kubebesha vikonyo vipya, yaani kuunganisha vitawi vya miti michanga kwenye mashina? Akasema labda, shina likiwa zima. Nikakumbuka mashina yetu yalivyoliwa na mchwa hadi mkono unaingia.

Kwa hiyo acha kupuliza, mke wangu. Umemeza ule unga msimu mzima kwa ajili ya miti isiyosikia dawa. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Jirani aliyekuambia uongeze salfa na yeye alikuwa anaongeza, na kwake ni kweupe kwa salfa vilevile, korosho hakuna. Miche uliyopanda katikati imekufa kwa kiangazi. Sasa jamani, nirudi nikalime nini?

Njoo huku. Haya, nimesema. Chumba kipo, kazi ya kuchuma ipo. Ila nakujua wewe! Utasema shamba la ukoo wa mama yako huliachi, na mama yako hapandi basi kwenda kufia kwenye baridi ya watu. Sikulaumu, nilikuoa nikijua. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo wasemavyo. Basi mimi nimekubali, na bado inauma.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Msalimie shemeji Hamisi, kaka yako, na umrudishie mashine yake ya kupulizia, tusiiharibu bure. Zuhura mwambie baba yake anampenda sana. Lakini nakuomba, usimwambie tena kwamba narudi korosho zikianza kudondoka. Juzi ulipompa simu niongee naye aliniambia, "Baba, zimedondoka tatu, unakuja?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mumeo,
Baba Zuhura